Kutoka Tanga hadi Kariakoo: tulivyokwenda kutafuta nywele

Tuliondoka Tanga baada ya Swala ya Alfajiri, mwezi wa Rajab, tukiwa wawili: sisi tuandikao makala haya na mwenzetu wa nyumbani, mama wa watoto wetu. Yote yatakayofuata ameturuhusu tuyaandike, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Alisema, "Andika. Wapo wenzangu wanaojifungia vyumbani." Basi msomaji asidhani kuwa tumefichua siri ya nyumba bila ya idhini ya mwenye siri.

Safari yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Wiki tatu kabla yake tulipita njia hiyo hiyo kwenda Dar es Salaam, mwenzetu akaanza tibakemia, yaani zile dawa za saratani zinazoingizwa mwilini kwa dripu. Uvimbe ulikuwa umeonekana katika titi la kushoto, ukapimwa, na majibu yakaja kama yalivyokuja. Alhamdulillahi kwa kila hali. Katika safari ile ya kwanza tulizungumza njia nzima. Katika safari hii ya pili tulifika Muheza, penye vikapu vya machungwa kando ya barabara, na hakuna aliyesema neno.

Ni wajibu wetu kueleza sababu ya ukimya huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya lawama ni yetu.

Miaka miwili iliyopita, kamati ya msikiti wetu ilitutaka sisi, tukiwa katibu wake, tuandike tangazo kuhusu mavazi na mapambo katika harusi za mtaani. Tuliliandika kwa mkono wetu. Likabandikwa ubaoni na likasomwa baada ya Swala ya Ijumaa. Kifungu chake cha tatu kilisema kuwa mwanamke avaaye nywele za bandia amelaaniwa, na kwamba mume anayemwachia ni mshirika wake katika dhambi. Hatukutaja hali wala udhuru. Tulikuwa tumehitimu chuo, Hadithi tunayo mkononi, na nyumbani kwetu hakukuwa na mgonjwa.

Sasa, usiku wa siku ya 17 tangu dripu ya kwanza, tulitambua kuwa mwenzetu kwa siku nne mfululizo hajavua ushungi, hata chumbani, hata wakati wa kulala. Tulipouliza alisema ni baridi. Tanga, na baridi! Usiku wa manane tuliamka tukamkuta ameketi sakafuni karibu na kabati, na mbele yake kanga iliyofungwa kama furushi la nguo za mtoto. Ndani yake zilikuwa nywele zake. Alikuwa akizikusanya kutoka kwenye mto, kwenye kitana na sakafuni kwa bafu, na kuzificha tusizione.

Tukamwambia kuwa daktari alikwisha kututahadharisha na jambo hilo, na kwamba nywele huota tena. Akatutazama, akasema kwa upole, "Bwana Katibu, kifungu cha tatu nakikumbuka. Nilikuwa nyuma ya pazia siku kiliposomwa." Kisha akasema lililotutia hofu zaidi: "Dar sirudi. Nitakunywa dawa za miti shamba hapa hapa."

Hakusema kuwa anataka wigi, wala sisi hatukumuuliza. Ila tulielewa kuwa mlango ambao angeweza kupitia tuliufunga sisi wenyewe kwa kalamu, kabla hata hajaufikia. Kulipopambazuka tulichimba shimo dogo chini ya mkomamanga nyuma ya nyumba tukazizika nywele zile, kama wanazuoni wetu walivyopendekeza nywele zizikwe. Hapo ndipo mwenzetu alipolia. Kisha tukamwomba jambo moja tu: twende Dar, afanyiwe kipimo cha damu, na sisi tukaulize kwa wenye elimu kuliko yetu. Akiisha kusikia jibu, uamuzi ni wake. Akakubali kwa kutikisa kichwa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunapita Segera, Mkata na daraja la Wami, kila mmoja akitazama dirisha lake. Adhuhuri tulikuwa kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, na alasiri tukapokewa Magomeni nyumbani kwa shangazi yetu. Shangazi alimvua mwenzetu ushungi mara tu mlango ulipofungwa, akampaka mafuta ya nazi utosini kama anavyopakwa mtoto mchanga, na hakutoa neno la pole. Usiku ule mwenzetu alilala mapema.

Jumanne asubuhi tulikwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Asiyepajua mahali hapo hudhani ni pa kutisha. Ukweli ni kwamba ni miongoni mwa pembe nzuri za mji ule. Bahari iko ng'ambo ya barabara, mivinje inavuma, na meli zinasubiri zamu ya kuingia bandarini. Jengo la zamani, jeupe, lenye kuba mbili na matao yaliyoigiza majengo ya Kiarabu, lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 likiwa hospitali ya Wazungu. Robert Koch, yule mtaalamu aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Dar es Salaam zama hizo akichunguza malaria. Waafrika na Wahindi hawakutibiwa humo. Wao walipata hospitali yao kwa mali ya mfanyabiashara Muislamu, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, na jina lake mpaka leo limebaki kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Ocean Road ikawa taasisi kamili ya saratani kwa sheria mwaka 1996. Leo wanaoketi kwenye mabenchi yake wametoka Kigoma, Mtwara, Kagera, Pemba, na kila mmoja ana bahasha ya picha na majibu mapajani.

Kwenye benchi letu aliketi bibi mmoja wa makamo ya mama zetu, mwenyeji wa Lindi, kilemba cheupe kichwani, kikombe cha uji mkononi. Alimtazama mwenzetu mara moja tu akajua. "Mwanangu, ya ngapi hii?" Mwenzetu akajibu kuwa ni ya pili. "Basi ndiyo hiyo inayokuvua nywele. Mimi zilinitoka kwa siku tatu, na nyusi zikafuata. Nyusi ziliniuma zaidi, maana nyusi hazina mtandio." Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha mwenzetu tulichokisikia kwa wiki nzima.

Bibi yule akasimulia kisa cha mke wa Nabii Ayyub (a.s.), kwamba katika siku za dhiki aliuza misuko ya nywele zake ili ampatie mumewe chakula. Riwaya hiyo imo katika vitabu vya visa vya Mitume, na haina sanadi ya kutegemewa. Sisi tulikuwa tayari kulisema hilo. Tukajizuia. Bibi hakuwa akitoa darsa la Hadithi. Alikuwa akimwambia mwanamke mwenzake kwamba nywele ni mali, na anayezipoteza ana haki ya kuhuzunika kama aliyepoteza mali.

Baada ya damu kuchukuliwa, muuguzi mmoja alituita chumbani akatueleza kwa utulivu. Alisema dawa hizi huwinda chembe zinazojigawa haraka, kwa kuwa saratani ndiyo tabia yake. Lakini mizizi ya nywele nayo hujigawa haraka, na vivyo hivyo ngozi laini ya kinywani na tumboni. Kwa hiyo dawa huzipiga zote bila kuuliza. Si dawa zote za saratani zinazoondoa nywele, ila ile nyekundu aliyopewa mwenzetu huziondoa kwa wengi, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya tatu. Tiba ikiisha, nywele huanza kurudi baada ya majuma kadhaa, na pengine hurudi na sura nyingine kwa muda: laini zaidi, au zilizojikunja tofauti, au na rangi iliyobadilika.

Kisha akasema jambo tulilolinukuu kwenye daftari: "Ukitaka kuvaa wigi, vaa. Ukitaka kilemba, vaa. Ila chochote utakachovaa, kisiwe na gundi, kisikukwaruze, na kisikubane. Kichwa chako sasa ni kama cha mtoto mchanga, na kidonda kidogo kwako si kidogo, kwa sababu chembe zako nyeupe za damu zimepungua." Akaongeza kuwa ni vyema wigi kutafutwa kabla nywele hazijaisha, ili rangi na ujazo vilinganishwe na nywele za mtu mwenyewe. Kwetu sisi muda huo ulikuwa umekwisha kupita, na sababu yake msomaji anaijua.

Jioni ile ile, baada ya Maghribi, tulikwenda kwa mwalimu wetu wa zamani, ambaye sasa anadarsisha jijini. Tulimsomea kifungu cha tatu kama tulivyokiandika. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hadithi uliyoitegemea, uliisoma yote?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tumeisoma yote, lakini hatukuwa tumeifikiri yote. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Asma binti Abi Bakr (r.a.) na kuthibiti katika Sahihi mbili, inaeleza kuwa mwanamke alimjia Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba binti yake ni bibi harusi, amepatwa na ugonjwa na nywele zimemdondoka, je, amuunganishie nywele? Jibu la Mtume (s.a.w.) lilikuwa kwamba mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishwa wamelaaniwa. Kumbe basi suala letu si geni. Mgonjwa aliyepoteza nywele aliulizwa kwa niaba yake zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Mwalimu hakutaka kulipuuza jibu lile hata kidogo. Alisema kwamba Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, ameona dhahiri ya Hadithi hizo ni kukataza moja kwa moja, na anayeshikamana na hapo amesimama mahali imara. Kisha akaeleza namna wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walivyopambanua. Nywele za binadamu mwingine hazifai bila khilafu miongoni mwao, kwa sababu ya heshima ya mwanadamu. Viungo vyake havifanywi bidhaa. Nywele nyingine zilizo tohara, zisizo za binadamu, mwanamke asiye na mume haziruhusiwi kwake. Na mwenye mume, kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa zinafaa iwapo mume ametoa idhini, kwa kuwa hapo hakuna anayedanganywa. Wahanbali nao wamepokea ruhusa ya nyuzi zisizo nywele. Na katika zama zetu, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin amesema kuwa mwanamke asiye na nywele kabisa hakuna ubaya kuvaa wigi ili kusitiri aibu, si kujiongezea pambo, na akaleta mfano wa swahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatika pua vitani, akaweka ya fedha ikaoza, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu. Wapo wengine waliokataa hata hapo, wakisema kisa cha yule binti mgonjwa kimeufunga mlango.

"Sasa," akasema, "mimi sikuchagulii. Lakini tazama fiqhi ya imamu wako ilivyokuweka. Uzi wa plastiki si nywele za mtu. Mkeo ana mume. Kinachobaki ni idhini yako. Miaka miwili iliyopita uliandika kana kwamba idhini hiyo haipo duniani, na leo umekuja kuitafuta kwangu ilhali iko mfukoni mwako."

Tuliuliza pia kuhusu udhu. Akasema wigi si kichwa. Kinachopakwa maji ni ngozi ya kichwa au nywele zilizoota hapo, na kwa madhehebu yetu sehemu ndogo yatosha. Kwa hiyo wigi lazima livuliwe au liinuliwe, na katika josho livuliwe kabisa. Lenye gundi huzuia maji. Tukakumbuka maneno ya muuguzi, tukaona yule wa hospitali na huyu wa msikitini wamekutana kwenye gundi bila ya kujuana.

Tulirudi Magomeni kwa miguu. Mwenzetu alikuwa bado macho. Tulimweleza yote, upande huu na upande ule, hatukuficha kauli ya wanaokataza. Mwisho tukamwambia, "Idhini yetu unayo. Na kifungu cha tatu tutakifuta sisi wenyewe." Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Kariakoo wanafungua saa ngapi?"

Jumatano tukaenda Kariakoo. Mji huo ndani ya mji ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa wamepiga kambi hapo. Jengo la soko lake kuu, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyofunuliwa juu, lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na moto ukaliunguza Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo haijawahi kutegemea paa. Imejaa mitaani: Kongo, Msimbazi, Aggrey, Mkunguni. Mikokoteni inakupigia kelele upishe, mizigo ya jora inapita vichwani mwa vijana, na kila hatua nne kuna mtu anakuita mjomba.

Maduka ya nywele tuliyakuta ghorofani, kwenye vyumba vidogo vilivyopangana kama madarasa ya chuo. Tunakiri kuwa tulisita mlangoni. Katibu wa msikiti, kofia na kanzu, mbele ya rafu za vichwa vya sanamu vilivyovikwa nywele za kila rangi! Mwenzetu akatuangalia, na kwa sauti ya chini akasema, "Ukitaka, ngoja chini." Tukaingia.

Duka la kwanza hatukukaa. Kijana muuzaji alimsifia mwenzetu wigi refu la kufika kiunoni akisema litamfanya aonekane binti wa miaka 20. Duka la pili waliweka mbele yetu nywele za binadamu, bei laki sita na zaidi, wakituhakikishia kuwa ndizo bora. Kwa mujibu wa tuliyoyasikia jana yake, hizo tuliziacha. Inafaa wasomaji wajue zinakotoka. Sehemu kubwa ya nywele za binadamu zinazouzwa duniani hutoka India, zikiwemo zinazonyolewa na mahujaji wa Kihindu katika hekalu la Tirumala na kisha kuuzwa kwa mnada, na mji wa Xuchang nchini China ndio wenye viwanda vingi vya kuzitengeneza kuwa mawigi. Anayenunua bila kuuliza hajui amevaa nadhiri ya nani.

Duka la tatu lilikuwa la dada mmoja mwenye futi ya cherehani shingoni. Mwenzetu alichukua wigi la karibu, akaligeuza, akapitisha vidole ndani. Yule dada akasimama. "Dada yangu, unatoka Ocean Road?" Tukashangaa amejuaje. "Wateja wa Ocean Road nawajua. Wengine wote hutazama mtindo nje. Nyinyi mnapapasa ndani."

Akafunga pazia la duka, akasema kwa adabu kuwa bwana anaweza kukaa kwa kuwa ni mume, akampa mwenzetu kiti. Tunayaandika aliyotufundisha, kwa manufaa ya atakayehitaji.

Kwanza alipima kichwa: futi ilianza pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso, ikapita nyuma ya masikio na kuzunguka kisogo. Ilisoma sentimita 54. Alisema kichwa kisicho na nywele ni kidogo kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo wigi lazima liwe na mikanda midogo ndani ya kukaza na kulegeza, wala lisitegemee gundi wala vibanio, kwani vibanio vitashika nini?

Pili, alitufunulia sehemu ya ndani. Wigi la bei ndogo huwa na mishono migumu iliyopangana kama reli, nayo hukwaruza ngozi tupu. Lililo bora lina wavu laini, na hata hilo huvaliwa juu ya kofia nyembamba ya pamba, itakayonyonya jasho na kufuliwa kila siku. Kwa joto la Tanga, akasema, jepesi na fupi ni rehema.

Tatu, rangi. Mwenzetu alitaka nyeusi kabisa. Dada yule akamwambia kuwa dawa hufifisha rangi ya uso, na weusi wa wino ungemfanya aonekane mgonjwa zaidi. Akamletea nyeusi iliyokaribia kahawia. Tuliona wazi kuwa alikuwa sahihi.

Nne, jiko. Nyuzi za bandia huyeyuka kwa joto. Mwanamke akiinama juu ya mafuta ya maandazi au akifunua sufuria yenye mvuke, nywele za mbele hujikunja na kuungua, wala hazitengenezeki tena. "Jikoni vua, vaa kilemba," alisema. Huoshwa kwa maji baridi na shampuu kidogo ndani ya karai, hutikiswa bila kukamuliwa, na hukaushwa kivulini.

Alijaribu manne. La kwanza lilimvaa kama kofia ya mtu mwingine. La pili lilimfanya acheke. La tatu alilivua haraka bila ya kusema sababu. La nne lilikuwa fupi, la kufika masikioni, limelazwa upande kama alivyokuwa akilaza nywele zake siku tulipomwoa. Dada akampa kioo. Mwenzetu alikitazama muda mrefu, kisha hakutuuliza kama amependeza. Alituuliza, "Mdogo atanijua?"

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo hakuwa ametuambia. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka mitatu, alikuwa amefunua mlango wa bafu wiki iliyopita, akamwona mama yake kichwa kitupu, akapiga ukelele na kumkimbia. Kwa hiyo mtandio wa usiku na mchana haukuwa kwa ajili yetu peke yetu. Na wigi hili si la kutoka nalo nje. Nje ana ushungi wake, na hakuna ajuaye kilicho chini. Lilikuwa la sebuleni, mbele ya watoto watatu na mume. Tukamjibu kuwa atamjua.

Lilikuwa la shilingi 55,000. Dada akapunguza elfu kumi na kuongeza kofia mbili za pamba bure. Tulipomuombea dua akaitikia amina, na msalaba mdogo ulikuwa shingoni mwake karibu na ile futi.

Adhuhuri ikatukuta papo hapo Kariakoo. Tuliingia msikiti wa karibu wenye sehemu ya wanawake. Mwenzetu alitueleza baadaye kuwa alipovua mtandio na wigi ili atawadhe, mama mmoja aliyekuwa pembeni alimtazama kichwa, kisha akasogea akasimama baina yake na mlango, akimkinga wengine wasimwone, mpaka alipomaliza. Hawakuzungumza.

Alhamisi asubuhi, majibu ya damu yakiwa mazuri, mwenzetu aliketi kwenye kiti cha dripu. Hatukumkumbusha wala kumsukuma. Aliamka mwenyewe kabla ya Alfajiri na kupanga mfuko wake: chupa ya maji, ndimu za kunusa dhidi ya kichefuchefu, msahafu mdogo. Wigi aliliacha Magomeni. Alikwenda na kilemba cheupe kama kile cha bibi wa Lindi.

Tuliporudi Tanga, mtoto alimtazama mama yake mlangoni, akainua mkono akazishika nywele zile, akazivuta kidogo. Zilisogea. Mama yake akacheka, akazivua, akamvika yeye. Tangu siku hiyo hofu imekwisha, na mara nyingi sasa wigi hukaa juu ya kabati, kwa kuwa mwenyewe haoni tena haja ya kulivaa kila siku.

Nasi tulikuwa na deni la ubaoni. Tuliliwasilisha mbele ya kamati, na halikupita kwa wepesi. Mzee mmoja alisema tunafungua mlango kwa ajili ya nyumba yetu. Tulimjibu kuwa hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana hatutaki neno letu liwe la mwisho. Tukaomba tangazo jipya lisomwe na masheikh wawili kabla halijabandikwa. Limebandikwa. Linasema kwamba nywele za bandia kwa kujipamba na kudanganya zimekatazwa, na Hadithi yake ni sahihi; kwamba aliyepoteza nywele kwa maradhi, wanazuoni wana maneno juu yake, aende kwa sheikh akaulize, na mumewe aende naye; na kwamba hairuhusiwi kwa yeyote kumwita mgonjwa mlaaniwa. Jina la katibu liko chini, kama lilivyokuwa chini ya lile la kwanza.

Wiki iliyofuata mtoto wa jirani alitumwa nyumbani kwetu kuuliza kama mama anaweza kumwazima mama yake futi ya kupimia kichwa. Mwenzetu hakuuliza kwa nini. Alivaa ushungi wake, akaichukua futi, akaenda mwenyewe.

Wakati tunaandika haya imebaki mizunguko miwili ya dripu. Tunawaomba wasomaji dua kwa ajili yake na kwa wote walioketi kwenye mabenchi yale yanayoelekea bahari. Na kwa ndugu zetu tuliopewa kalamu za misikiti, tunajiusia sisi wenyewe kwanza: kabla hatujaandika kifungu, tuulize ni nani aliye nyuma ya pazia anayesikiliza. Wallahu a'alam.